Ada ya skuli wakati nyumba iko benki: nilivyoona kutoka pande mbili za dirisha

Assalaam aleykum.

Nimelisoma suali la ndugu yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe. Mkopo umemshinda, nyumba ndiyo dhamana, na watoto watatu wako skuli ya binafsi: mmoja anamaliza Kidato cha Tatu, mmoja kafanya mtihani wa Darasa la Sita, mdogo yuko la Pili. Mkewe anataka kuuza dhahabu walipe ada, kaka yake anasema watolewe wote. Wengi mmemjibu "Mungu atajaalia". Amin, lakini skuli zinafungua Januari na mtu anahitaji cha kufanya wiki hii.

Mimi nilikaa miaka mingi ofisi ya uhasibu ya skuli moja ya binafsi hapa Unguja. Kazi yangu ilikuwa kupokea ada na kuwapigia simu wasiolipa. Mwaka 2020 wageni walipokatika, gari mbili za bwana wangu zilizokuwa zikipeleka watalii Nungwi na Paje zikakaa uani, na mkopo wake ukabaki pale pale. Basi nikahamia upande wa pili wa dirisha, na watoto wangu mkononi.

Ndugu yangu, ada ya mwakani bado si deni. Hilo ndilo ningependa ulishike kabla ya mengine yote. Mkopo wa benki ushachukuliwa, mali ya watu uliyoletewa dukani ushaiuza, hayo hayarudi nyuma. Ada ya Januari hujaikopa bado. Itakuwa deni siku mtoto atakapoingia darasani bila ya nyinyi kuzungumza na skuli. Kwa hiyo maamuzi yote yafanyike kabla ya skuli kufunguliwa. Watu husema dawa ya deni kulipa, na kweli, lakini dawa nzuri zaidi ni kutolichukua.

Nikwambie mambo yalivyo ofisini. Mzazi anayekuja Disemba, akakaa na mwenye skuli akasema "biashara imeanguka, naweza kiasi hiki kila mwezi", mara nyingi husikilizwa. Si kwa huruma tu. Mwalimu analipwa mshahara ule ule, darasa liwe na watoto ishirini au kumi na tisa, na kiti kitupu hakiingizi hata shilingi. Mzazi anayenitesa mimi mhasibu ni yule asiyepokea simu, anayemshusha mtoto getini saa moja kasorobo na kukimbia. Huyo mtoto wake ndiye anayeitwa jina mbele ya wenzake wiki ya mitihani na kurudishwa nyumbani. Nimeyaona hayo mpaka nikachoka, na mtoto hana kosa lolote.

Ukienda, nenda na karatasi. Andika barua fupi: unadaiwa nini mpaka leo, utalipa kiasi gani na tarehe gani, watoto gani wanabaki. Watie sahihi, uchukue nakala. Maneno ya mdomo ya mwenye skuli hayafiki kwa mhasibu, amini mimi. Na kiasi utakachotaja kiwe kile unachoweza mwezi mbaya, si mwezi mzuri.

Halafu ichambue ile bili. Wazazi wengi huiona ni tarakimu moja, kumbe ndani mna ada yenyewe, gari, chakula, vitabu, sare, fedha za mitihani, pengine na safari ya kutembea. Gari ndiyo inayoumiza. Kwetu sisi gari ilikuwa inakaribia nusu ya ada. Tuliiondoa kwanza, mkubwa akapanda daladala, na chakula akabeba cha nyumbani. Uliza pia punguzo la ndugu, skuli nyingi zinalo na hazilitangazi.

Sasa watoto. Kaka yako anakosea akisema wote, na wewe utakosea ukisema hakuna hata mmoja.

Huyu wa Kidato cha Tatu mbakishe. Mwakani ni mwaka wa mtihani wa taifa, na mtahiniwa husajiliwa kupitia kituo cha skuli yake. Kumhamisha wakati huu ni kumtafutia walimu wapya, mpangilio mpya wa masomo na usajili mpya kwa pamoja. Kama kuna fedha ya mtoto mmoja tu, ni yake.

Wa Darasa la Sita, hii ndiyo nafasi yako. Kamaliza mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, na Kidato cha Kwanza kila mtoto anaanza upya. Hakuna atakayemuuliza mbona umehamia, wote wageni. Akiwa kafanya vizuri kuna skuli za vipawa na madarasa ya michepuo, na hizo ni za Serikali. Ikiwa mtoto wako kafaulu kufika huko, mimi sioni unalipia nini kwengine.

Mdogo wa la Pili mpeleke skuli ya Serikali Januari hii hii. Najua utakavyojisikia. Sisi Wazanzibari elimu bila malipo tumeirithi tangu 1964, lakini miaka ya karibuni mtu akimtoa mwanawe skuli ya binafsi anaona kama kavuliwa nguo barazani. Binti yangu nilimhamisha. Darasa lilikuwa limejaa, alisoma mkondo wa mchana, na muhula wa mwanzo alishuka, khasa Kiarabu, kwani wenzake walikuwa mbali. Tukamtafutia twisheni ya jirani kwa fedha ambayo haifiki hata ile ya gari. Akapanda. Siku hizi, zile skuli za ghorofa zilizojengwa kwa fedha za UVIKO zimepunguza msongamano pahala pengi, ingawa si kote, basi nenda ukaone kwa macho ile iliyo karibu na shehia yako kabla ya kuamini maneno ya mtu, yangu pia.

Kabla ya kumtoa yeyote, hakikisha umepata barua ya uhamisho na ripoti yake. Skuli za binafsi huzizuia kama kuna baki. Ndiyo maana ile barua ya makubaliano iwe na mstari unaosema watakupa uhamisho wakati deni la zamani unalilipa kidogo kidogo.

Dhahabu ya mkeo ni mali yake, mahari yake na zawadi zake. Kisharia huna haki nayo, na yeye halazimiki kusomesha watoto, hilo ni jukumu lako. Akitaka kukusaidia kwa hiari, na iwe kwa huyu mkubwa anayeingia Kidato cha Nne, muandikiane kama ni mkopo au ni hiba. Kuiuza yote kulipa ada ya watatu ni kununua mwaka mmoja, kisha Januari nyengine mnarudi pale pale bila dhahabu.

Kama una jamaa Maskati au Uingereza wanaotaka kuchangia, waombe walipe moja kwa moja kwenye akaunti ya skuli, risiti iandikwe jina la mtoto. Ikipita mkononi mwako, wallahi itaishia kwa anayekudai kwa sauti kubwa zaidi.

Benki nayo nenda mapema. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye mikopo chechefu, yaani ile inayohesabiwa kuwa hailipiki, na hapo hata meneja anayekupenda mikono yake inafungwa. Kabla ya hapo wanaweza kukupangia upya. Wewe hujasema umechelewa muda gani. Na wale wa mikopo ya kausha damu, ya mitaani yenye riba kubwa, usiwasogelee kwa ajili ya ada, hata kwa wiki moja.

Kuna aliyekushauri hapo juu uiandike nyumba kwa jina la mkeo haraka. Usifanye. Nyumba ishawekwa dhamana, na mambo yakifika mahakamani ya kukufilisi, uhamisho wa mali wa dakika za mwisho ndio wa kwanza kuchunguzwa na unaweza kutenguliwa. Muone wakili anayejua sheria za hapa, kwani ardhi si jambo la Muungano na sheria ya ardhi ya Bara haitumiki huku.

Na usione haya kuuliza zaka. Wenye madeni wametajwa katika Suratu Tawba aya ya 60 miongoni mwa wanaostahiki, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inakusanya na kugawa. Pengine utapata, pengine hutapata, lakini kuuliza ni bure.

Huyo mkubwa mwambie ukweli, ana umri wa kuelewa. Wangu nilipomwambia, suali lake lilikuwa moja tu: kama ataendelea na mpira Jumamosi. Sare za yule wa Kidato cha Kwanza usikimbilie kununua mpya, niandikie pembeni, ninazo mbili zilizobaki nzima.