Kitu puani mwa mtoto, huenda ni betri

Dada wa Jinja, unasema mwanao wa miaka 3 ameingiza kitu puani tangu asubuhi, hujui ni harage au betri bapa ya rimoti, na jirani anasema utie mafuta. Usitie chochote. Harage likilowa huvimba na kukwama. Betri ikipata majimaji huzidi kuunguza. Saa 3 hivi zinatosha kuanza kuharibu nyama ya ndani, na baadaye ukuta wa pua unaweza kutoboka.

Kama hujui ni nini, ichukulie kuwa betri: nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi, usingoje kesho. Kwenye picha, ukingo wa betri huonyesha duara mbili. Sarafu huonyesha moja.

Kibano kiache. Huteleza, kitu kinasukumwa nyuma, kisha mtoto anakivuta kooni. Njiani mpakate akiwa ameketi wima, hata kwenye boda. Akianza kukohoa ghafla au kukoroma akivuta pumzi, mwambie muuguzi mlangoni, usikae foleni.

Ungekuwa na hakika ni harage au shanga, angepenga kwa nguvu huku umeziba tundu lililo wazi. (Wa miaka 3 wengi huvuta badala ya kupenga.)