Zitaingia? Maswali ya rimu na tairi

Maswali ya safari hii ni ya rimu tupu, na mengi yana kasoro ileile: mtu anataja inchi na rangi, hataji upana (ile J, kwa inchi) wala ofseti (ile ET: milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu). Nimechagua haya kwa sababu yanagusa mfuko wa wengi.

Shikamoo fundi. Nina Mark II GX110. Nimepata rimu za inchi 18, 9J, pale Gerezani, Dar es Salaam. Muuzaji anasema zinaingia bila kazi yoyote. Nizichukue? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Usizichukue bado. Muuzaji amekuhakikishia kwamba matundu yanalingana na stadi zako (boliti za kufungia gurudumu), na hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Ofseti amekutajia?

Tuseme unazotumia sasa ni 6.5J ET50, na hizo za Gerezani ni 9J ET35. Nusu ya 6.5J ni milimita 82.5; nusu ya 9J ni 114.3. Upande wa nje unatoa ofseti: ya zamani inabaki 32.5, mpya inabaki 79.3. Kwa hiyo ukingo wa rimu utatoka nje milimita 47 zaidi ya ulivyo leo. Upande wa ndani unajumlisha: 132.5 dhidi ya 149.3, yaani rimu itasogea milimita 17 kuelekea shokapu. Chukua rula, chuchumaa kando ya gari, uone kama ukingo wa fenda unakuachia hizo 47. Haukuachii. Utaishia kukata fenda au kurudisha rimu, na rimu iliyokwisha kuvishwa tairi hakuna muuzaji anayeipokea kwa bei uliyolipa.

Hesabu hiyo ni ya dakika mbili, na ifanyike kabla ya kutoa hata kianzio. Kama rimu haina maandishi mgongoni, ilaze uso chini, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye ubao hadi pale inapokaa kwenye habu. Toa nusu ya upana wote wa nje kwa nje. Kinachobaki ni ofseti. Angalieni hapo: upana wa nje kwa nje huzidi ule wa J kwa takriban inchi moja. Ukichanganya hivyo viwili umeshakosea milimita 12 na zaidi, na milimita 12 ni tairi kula shokapu.

Rimu za Subaru za 5x100 (matundu matano kwenye duara la milimita 100) zinakaa kwenye Toyota Premio ya 240? (Msomaji, Morogoro)

Zinakaa, ukiweka pete ya katikati. Tundu la katikati la rimu ya Subaru ni milimita 56.1, habu ya Premio ni 54.1, na bila pete rimu haikai katikati sawasawa, usukani utatetemeka hata ufanye balansi mara kumi. Kinyume chake hakiwezekani: rimu ya 54.1 haipiti kwenye habu ya Subaru. Nati tumia za meno ya Toyota, zenye koni. Na hakikisha rimu hizo si za Impreza STI ya kuanzia 2005, maana zile ni 5x114.3.

Nitapimaje PCD (kipenyo cha duara la matundu) ya matundu matano wakati hakuna tundu linalotazamana na jingine? (Msomaji, Arusha)

Pima stadi mbili zinazofuatana, katikati hadi katikati, uzidishe kwa 1.7. Ukipata 58.8, ni 100, ukipata 67.2, ni 114.3. Lakini 5x112 inatoa 65.8, tofauti isiyofika milimita moja na nusu, na rula ya shule hapo inadanganya. Azima venia, kile kipimio cha chuma chenye taya. Fundi akikuambia "nati zitavuta zenyewe", chukua funguo zako uondoke. Stadi iliyovutwa upande hulegeza nati, na mwisho hukatika.

Mwalimu, rafiki yangu ana Impreza ya mwaka mmoja na yangu, rimu 8J ET35 na tairi 225/45R17 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu ya inchi 17), hazigusi popote. Nimenunua hizohizo, zangu zinasaga fenda kila tuta. Nimeibiwa? (Msomaji, Nakuru)

Hujaibiwa ndugu yangu. Umenunua vipimo vya gari la mwenzako. Magari mawili ya mwaka mmoja hutofautiana springi, kimo, uchakavu wa bushi, mlalo wa magurudumu, na ajali ambazo mwenye gari wa kwanza hakusimulia. Hata tairi mbili zilizoandikwa 225 za viwanda tofauti hazilingani upana zikishajazwa upepo.

Gari, hasa lililoshushwa, halipimwi likiwa limesimama. Fungua springi, rudisha shokapu bila springi, vaa gurudumu, kisha lipandishe kwa jeki polepole hadi kwenye mpira wa mwisho, ule unaozuia shokapu isizame zaidi. Hapo ndipo tairi litakapofika siku umebeba watu wanne na tuta likakukuta na mwendo. Ukiwa hapo, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, halafu hadi mwisho kulia. Fanya magurudumu yote manne. Watu wengi hupima la mbele kushoto peke yake kwa sababu ndilo lililo karibu na mlango.

Pasipofika vidole, mimi hutumia udongo laini wa kufinyangia wa watoto. Nilipokuwa najenga gari langu nilibandika vidonge vinne ndani ya fenda na kimoja kwenye shokapu. Vya fenda vilitoka na unene wa kidole. Cha shokapu kilitoka kimebapa kama karatasi, kimeachwa alama za ubavu wa tairi, hata herufi zinasomeka. Kwa macho nilikuwa nimeapa kwamba pana nafasi. Sikubali chini ya milimita 5 kwenye shokapu wala chini ya 10 kwenye fenda.

Wewe sasa fanya kipimo hicho ujue umekosa milimita ngapi. Zikiwa chache, kukunja ukingo wa fenda kunatosha, ila rangi ipashwe moto kwanza isipasuke. Zikiwa nyingi, rudi tairi la 215.

Naomba ushauri, spesa (bamba la kusogeza gurudumu nje) ya milimita 10 ya kupachika tu ni salama? (Msomaji, Mombasa)

Hesabu mizunguko ya nati. Stadi ya M12x1.5 (unene milimita 12, jino kila milimita 1.5) inataka mizunguko minane kamili, ya M12x1.25 inataka kumi. Ikipungua, weka stadi ndefu au usiweke spesa.

Tairi 195/45 kwenye 9J, ule mvuto wa pembeni, tairi jembamba kuvutwa kwenye rimu pana? (Wasomaji wanne, kila mwezi)

Hapana. Nimejibu hili mara nyingi mno. Tairi hilo mwisho wake ni 7.5J. Shimo moja tu, na ukingo wa tairi unaruka kutoka kwenye rimu ukiwa na abiria.

Natoka 195/65R15 kwenda inchi 17. Tairi gani halitaharibu spidi mita? (Msomaji, Mwanza)

225/45R17. La zamani lina kimo cha milimita 634.5, hilo lina 634.3. Wengi wanakimbilia 215/45, linapungua milimita 9. Si janga, ila gari linashuka na spidi mita inazidisha. Ukinunua la mtumba soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi hilo hata liwe na meno ya kutosha, liache, limeshazeeka.

Nimevaa nati za Nissan kwenye Toyota yangu, zimeingia kwa nguvu kidogo. Kuna shida? (Msomaji, Dodoma)

Ipo kubwa. Nissan ni M12x1.25, Toyota ni M12x1.5. Hiyo nguvu kidogo ilikuwa meno ya stadi yakichongwa. Badilisha stadi zote zilizoguswa, nunua nati za 1.5 zenye koni kama rimu ni za dukani, au zenye washa bapa kama ni za aloi za Toyota zilizotoka na gari. Kaza kwa spana ya kipimo, Nm 103, urudie baada ya kilomita 100. Kabla ya hapo gari lisitoke hapo lilipo, hata kwenda kwa fundi; fundi aje kwako.