Usikope kikoba ukapande mbegu: nachapa mabango ya makanisa, naomba niseme ninachokiona

Mleta mada anasema kanisani kwao Mbezi imetangazwa sadaka ya mbegu ya Sh 500,000, ile unayotoa ukitarajia Mungu akurudishie zaidi. Atakayetoa ataombewa ana kwa ana na mtumishi. Mkewe anataka kukopa kwenye kikoba, na yeye mume akisema neno anaambiwa hana imani. Wengi hapo juu mmemjibu kwamba makanisa siku hizi ni biashara tu. Mimi naona mnaionea biashara.

Nina ofisi ya uchapaji Kariakoo, na makanisa ni wateja wangu wazuri: mabango, vipeperushi, stika za magari, fulana za kongamano, kalenda zenye picha ya mtumishi na mama mchungaji. Wanalipa kwa wakati kuliko wanasiasa, hilo niwape haki yao. Sina ugomvi na tangazo. Fanya mkutano wa Injili Jangwani bila bango wala gari la matangazo, utahubiria kunguru. Ila ukikaa na mteja mbele ya kompyuta unajua moyo wake ulipo. Yuko mmoja tulihangaika naye mchana kutwa na bango la barabarani. Uso wa mtumishi uongezwe. Suti ing'arishwe. Namba ya simu isomeke mtu akiwa ndani ya daladala. Kijana wangu akamwambia nafasi imekwisha. Jamaa akakitazama kioo, akasema, "Hapo kwenye Yesu punguza kidogo." Tukapunguza.

Mwingine alileta kazi ya lebo za maji ya upako. Ni maji yale yale ya dukani ya nusu lita: wanabandua lebo ya kiwanda, wanabandika yao. Nilipomuuliza alama ya ubora ya TBS ikae wapi, alicheka. Chupa anayoiuza Mangi wa dukani kwa Sh 500 ikawa inatoka madhabahuni kwa Sh 5,000. Sasa Mangi akikuuzia soda iliyoisha muda unamrudishia, na akileta ubishi majirani wanasikia. TRA, watu wa kodi, nao wanatukumbusha kila siku: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Chupa ya upako isipofanya kazi, mwenye kesi ni aliyenunua. Imani yake haba, ana dhambi ameificha, alitoa huku moyo unanung'unika. Hakuna duka Kariakoo linaloruhusiwa kuuza kwa masharti hayo.

Bei yenyewe nayo ina habari yake. Mnamkumbuka Babu wa Loliondo, mwaka 2011? Mchungaji Ambilikile Mwasapile, mstaafu wa KKKT (Walutheri), aliyekuwa akinywesha watu kikombe cha dawa kule Samunge. Kama dawa ilitibu au haikutibu, tuliache, uzi utaharibika. Lakini kikombe kilikuwa Sh 500, waziri na mchunga ng'ombe wanalipa sawa, na waliotengeneza hela ya maana ni wenye magari ya kuwapeleka watu huko. Sh 500,000 ya kuonana na mtumishi inachuja watu mlangoni. Mama ntilie wa hapo hapo Mbezi hataombewa ana kwa ana, na wala hajakosa kitu isipokuwa hela.

Kwa anayedhani mambo haya yameletwa na makanisa ya juzi, mwaka 1517 Johann Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akiuza vyeti vya rehema, vya kuondolewa adhabu ya dhambi, fedha zikajenge Basilika la Mtakatifu Petro, Roma. Ambacho wanunuzi hawakuambiwa ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa benki ya akina Fugger. Hata somo la mbegu lina mtu wake: Oral Roberts wa Marekani ndiye aliyelieneza sana miaka ya 1970, na televisheni ikamsaidia.

Mimi ni Mlutheri, na kwetu nako kuna mnada baada ya ibada, kuku, mayai na miwa nje ya kanisa. Jumapili moja mzee mmoja alinunua jogoo kwa Sh 60,000, akamrudisha anadiwe tena, watu wakashangilia kama mpira. Mgeni angesema huo ni ulanguzi. Lakini Jumapili inayofuata, kwenye matangazo, unasomewa mnada umeingiza shilingi ngapi na sadaka ilikuwa ngapi, na mwaka ukiisha unaweza kusimama mkutanoni ukauliza bati zimefikia wapi. Wazee wanakunja nyuso, lakini wanajibu. Hatuna usafi wa kujivunia sana: habari ya marehemu kuchunguzwa bahasha zake za sadaka kabla ya kuzikwa nyote mnaijua, na mimi inanikera kuliko hayo maji.

Kwa hiyo mkuu, usibishane na shemeji juu ya imani, hapo utashindwa, maana mtumishi ana maikrofoni na wewe huna. Mwombe aende kwa mhasibu wa kanisa, kama yupo, aulize mbegu za mwaka jana zilifanya nini na karatasi yake iko wapi. Akijibiwa kwa karatasi, mkae mzungumze, na mkitoa mtoe mlichonacho. Akijibiwa kwa mstari wa Malaki kuhusu zaka, basi, msitoe.

Na hiyo ya kikoba ifanyeni leo. Akichelewesha marejesho, watakaokuja kubeba friji yenu ni akina mama wenzake waliomdhamini, na watakuwa na haki yao. Kama hela haijatoka, aongee na mwekahazina kabla ya siku ya kikao aliondoe jina lake kwenye orodha ya wakopaji. Kikoba cha mke wangu hakitozi kitu ukijitoa kabla hujakabidhiwa fedha, nadhani na chao hakitakuwa tofauti sana.