Ukifika Le Pont-de-Montvert, Usikimbilie Kuondoka

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Brussels aliniandikia kwamba amepata likizo ya Agosti, watoto wake wamechoshwa na ufuo wa bahari, na mtu amemwambia habari za milima ya Lozère huku kusini mwa Ufaransa. Alitaka kujua kama inatosha kulala usiku mmoja Le Pont-de-Montvert, kisha asubuhi waendelee na safari hadi Florac. Nimemjibu kwamba haitoshi hata kidogo, na kwa kuwa swali hili nimekwisha kuulizwa na wengine, nimeona afadhali nilijibu hapa kwa kirefu.

Kwa wasiokijua, Le Pont-de-Montvert ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe kilichoko kwenye mwinuko wa karibu mita 900, chini ya Mlima Lozère, mahali ambapo mto Tarn ungali mchanga na unapita kwa kelele katikati ya majabali. Mkoa wenyewe wa Lozère ndio wenye wakazi wachache kuliko mikoa yote ya Ufaransa. Kijiji kimo katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Cévennes, iliyoanzishwa mwaka 1970, lakini asije mtu akafikiria hifadhi kama Serengeti: hapa wakulima na wafugaji wanaishi hata katika kiini cha hifadhi, na ni ufugaji wao wa kale, wa kuhamisha kondoo kati ya nyanda za chini na mlima, uliowafanya UNESCO waiingize nchi ya Causses na Cévennes katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Wageni wengi hufika kwa njia ya miguu inayoitwa GR 70, inayofuata nyayo za mwandishi wa Uskoti, Robert Louis Stevenson, aliyepita huko mwaka 1878 kwa siku 12 akiwa na punda wake Modestine. Hufika jioni, hulala, huondoka asubuhi.

Mimi nilifika mara ya kwanza nikiwa na klabu ya matembezi ya mjini ninakoishi. Mpango ulikuwa kuvuka mlima kutoka Le Bleymard, upande wa kaskazini, kupitia kilele cha Finiels hadi kijijini. Asubuhi ile kiongozi wetu alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, kisha, bila kuniuliza neno, akaliandika jina langu katika orodha ya watakaopelekwa kwa gari pamoja na wazee wenye maumivu ya magoti. Mimi, niliyezaliwa Lushoto, niliyekuwa nikishuka bondeni na kupanda tena na mzigo wa kuni kichwani kabla ya kwenda shule! Sikusema kitu, kwa sababu ugenini mtu hujifunza kumeza, lakini mpaka leo nikiikumbuka ile kalamu ikitembea juu ya karatasi moyo unanichoma. Wapo watakaosema kwamba nimeshikilia jambo dogo. Na waandikwe wao kwanza katika orodha ile, ndipo tuzungumze.

Basi wenzangu wakapanda, nami nikateremshwa darajani saa nne asubuhi. Jioni walipowasili walikuwa wamelowa chapachapa, kilele hawakukiona kwa ukungu, walikula kimya wakalala, na kulipopambazuka walikuwa wanafunga mikoba. Hakuna hata mmoja wao aliyekiona kijiji, ilhali mimi, niliyehesabiwa kuwa dhaifu, nilikuwa nimekimaliza chote na kupanga siku ya kurudi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, wa pili na wa tatu ni mmoja: kaa.

Kaa kwanza ulione daraja. Ni la mawe, la karne ya 17, lenye mgongo ulioinuka na mnara mwembamba kwenye ncha yake, na karibu na hapo ndipo vilipowaka vita vya Wakamisardi, yaani Waprotestanti wa milima hii walioasi. Mfalme Louis wa 14 aliipiga marufuku dini ya Kiprotestanti mwaka 1685, na padre mmoja aliyeitwa du Chaila akawa anawakamata na kuwatesa wakulima wa milima hii walioendelea kusali kwa siri. Usiku wa tarehe 24 Julai 1702 kundi la watu lilishuka likiimba zaburi, likaizingira nyumba alimowafungia wafungwa, likawatoa na kuitia moto. Padre alijaribu kutorokea dirishani akavunjika mguu, nao wakamuua. Majuma machache baadaye kiongozi wao, Esprit Séguier, alichomwa akiwa hai hapohapo kijijini. Wasimulie watoto habari hii wakiwa wamesimama darajani, wala usiwapunguzie, kwa maana watoto wanajua kuwa dunia ina ukatili na hukasirika wanapofichwa.

Mto nao unahitaji muda wake. Mwezi wa Julai na Agosti maji ya Tarn hutuama katika vidimbwi vilivyochimbwa na mkondo ndani ya miamba ya graniti, na wenyeji huogelea humo baada ya kazi. Maji ni baridi kiasi cha kumfanya mtu mzima apige ukelele. Kukiwa na radi huko juu mlimani, ondoka mtoni hata kama hapo ulipo jua linawaka, kwa sababu mto wa mlimani hufurika bila kubisha hodi.

Kutoka kijijini zipo njia za kupanda hadi kwenye vitongoji vya juu, na ninachokipenda kuliko vyote ni L'Hôpital. Zamani ardhi hii ilikuwa mali ya watawa askari wa Mtakatifu Yohane, ambao baadaye walijulikana kwa jina la Malta, nao walitia alama mipaka yao kwa kuchonga misalaba kwenye majabali. Baadhi ya misalaba hiyo ingalipo. Ule tulioupata mimi na mwanangu, niliporudi naye, unafunikwa na kiganja kimoja cha mkono, mikono yake minne imelika kwa mvua, na kuvumwani ya kijivu imejaa ndani ya michoro yake kiasi kwamba mwanangu aliugundua kwa vidole kabla mimi sijauona kwa macho. Ukiendelea mbele utafika Mas Camargues, nyumba kubwa ya kilimo iliyojengwa kwa graniti tupu, na Tarn utaukuta hapo ukiwa kijito. Anayepita na kuondoka asubuhi hayaoni haya.

Kilele cha Finiels kina mita 1,699, na katika milima yote ya Massif Central, nyanda za juu za katikati na kusini mwa Ufaransa, hakuna kirefu kukizidi kisichotokana na volkano. Kwa umbo lake kinamdanganya mtu, kwani ni mgongo mpana wa majani mafupi usio na genge wala jabali la kutisha, wenye maua ya manjano mwezi wa Juni na vichaka vya zambarau kuelekea mwisho wa Agosti. Hatari yake ni ukungu. Kwenye mapito ya kale ya kondoo utakuta nguzo za graniti, ziitwazo montjoies, zilizosimamishwa zikifuatana ili msafiri asipotee, na katika vitongoji kadhaa vya mlima huu, kama Serviès na Les Sagnes, kuna minara midogo yenye kengele zilizokuwa zikigongwa wakati wa tufani ya theluji ili aliyepotea afuate sauti. Watu hawakuijenga minara hiyo kwa mapambo. Kwa hiyo mwenye kukaa kijijini ana faida hii: ukungu ukishuka anangoja hadi kesho yake, lakini mwenye nafasi iliyolipiwa Florac hana budi kupanda ndani yake. Mimi na mwanangu tulingoja, tukapanda kukiwa kweupe, tena kwa kutokea kijijini, upande wenye mwinuko mkubwa kuliko ule walioupanda wenzangu wa klabu. Nililiona hata umbo la mlima wa Mont Ventoux upande wa mashariki. Picha niliituma kwa yule kiongozi, naye hakujibu.

Kuhusu mbwa, sikilizeni vizuri. Mbwa mwitu wa Ulaya wamerudi katika milima hii, na wafugaji wanaweka kati ya kondoo mbwa wakubwa weupe waitwao patou. Akikujia akibweka, simama, ongea kwa sauti ya upole, usimtazame kwa ukali wala usimnyooshee fimbo, kisha lizunguke kundi kwa mbali. Usikimbie, na usimruhusu mtoto akimbie. Katika kiini cha hifadhi ni marufuku pia kuwasha moto.

Nimeambiwa na shemeji yangu, mbele za watu, kwamba sisi tumetoka kijijini na hatuna sababu ya kulipa nauli ili turudi kijijini. Watu walicheka, nami sikucheka. Tunapopata likizo tunahama kutoka sebule moja hadi nyingine, Paris, Brussels, London, tunakula pilau na kulalamikia bei za tiketi za ndege, na watoto wetu wanarudi shuleni hawajui nyota ziko upande gani, ilhali anga ya Cévennes imetambuliwa tangu mwaka 2018 kuwa hifadhi ya kimataifa ya giza la usiku. Mlima huu haukuumbwa kwa ajili ya taifa moja. Ndugu zangu, tokeni nje! Na mkishatoka, kaeni.

Kwa yule dada wa Brussels: treni ya kutoka Nîmes kwenda Clermont-Ferrand husimama Génolhac, na kutoka hapo barabara inapanda hadi kijijini kupitia Croix de Berthel, lakini panga usafiri huo kabla hujafika au kodi gari. Ikiwa watoto ni wadogo, punda hukodishwa hadi leo kwenye njia ya Stevenson, na mtoto anayegoma kutembea kwa ajili ya mama yake atatembea kwa ajili ya punda. Nyumba za wageni hujaa Julai na Agosti, kwa hiyo weka nafasi mapema, na unapopiga simu useme papo hapo kwamba hamli nguruwe, kwa maana nyama hiyo imo karibu katika kila kitu kinachopakuliwa huko. Ukingoja kulisema hilo jioni mkiwa mezani, mtakula mkate na jibini, ingawa jibini la mbuzi la huko, pélardon, si adhabu hata kidogo.