Nyuki Wageni Mijini: Maneno kwa Wanaoanza Kuwahesabu

Anayeanza kazi ya kuchunguza nyuki mijini hukabidhiwa wavu, vichupa, daftari na agizo moja: hesabu. Mimi nililitii agizo hilo kwa msimu mzima, nikaandika kwamba bustani zilizowekewa vibanda vya mirija, yaani yale masanduku yaliyojazwa matete na vipande vya mwanzi ili nyuki wapweke, yaani wasioishi katika kundi, watage ndani yake, zilikuwa na nyuki wengi kuliko bustani zisizo navyo. Ilikuwa kweli. Lakini maua yalipokwisha nikakaa na hadubini kuwatambua mmoja mmoja, ndipo nilipoona kwamba sehemu kubwa ya wingi ule ilikuwa ya spishi zilizotoka bara jingine, na ripoti iliyosifu wingi huo nilikuwa nimeshaikabidhi.

Kwa hiyo anzeni na swali la asili kabla ya swali la idadi. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na neno «mgeni» halina maana mpaka useme ni mgeni wapi. Nyuki wa asali, Apis mellifera, ni mwenyeji wa Afrika, Ulaya na Asia ya Magharibi. Amerika Kaskazini alifikishwa na walowezi huko Virginia mwaka 1622, na huko mpaka leo ni mfugo ulioletwa, hata kama watu wengi wanamdhania kuwa ndiye nyuki wa nchi. Afrika nayo imepata mgeni wake: nyuki mdogo wa Asia, Apis florea, anayejenga sega moja tu la wazi kwenye tawi, aligunduliwa Khartoum mwaka 1985. Mtu asiyeanza na ramani ya asili ya kila spishi atamlaumu mwenyeji na kumkaribisha mgeni bila kujua.

Wageni wengi wa mijini hawakuletwa kwa makusudi. Nyuki anayetaga kwenye tundu la ubao au ndani ya bua lililokauka anaweza kusafiri akiwa bado buu, ndani ya shehena, bila mtu yeyote kumwona. Mfano ninaoupenda, kama kupenda ndilo neno lake, ni nyuki mkubwa wa ulimbo, Megachile sculpturalis, mwenyeji wa Asia ya Mashariki. Aliripotiwa North Carolina, Marekani, mwaka 1994, na kwa Ulaya akaonekana mara ya kwanza karibu na Marseille, Ufaransa, mwaka 2008, kisha akaenea nchi kadhaa. Jike lake hufikia urefu wa sentimita mbili na ushei, hatoboi tundu lake mwenyewe, na ndani ya tundu alilolikuta hujenga kuta za vyumba kwa ulimbo wa miti.

Asubuhi moja ya kiangazi nilimtazama jike mmoja kwa karibu saa nzima mbele ya kibanda. Mrija alioutaka ulikuwa umeshazibwa kwa udongo na nyuki mwashi wa jenasi ya Osmia tangu majira ya machipuko. Aliumega ule udongo kwa taya zake, akaingia kichwa kwanza, akarudi kinyumenyume akikokota kifukofuko cha kahawia, akakiachia chini, akarudi tena. Nilitandika karatasi nyeupe chini ya kibanda, na alipomaliza nikawa na vifukofuko vitano, vyote na watoto wa mwenyeji ndani. Mchana alikuwa analeta ulimbo.

Tukio kama hilo hushika moyo, na ndiyo maana ninawaonya msilifanye kuwa ushahidi wa kila kitu. Linathibitisha kwamba mgeni anaweza kumfukuza mwenyeji, lakini halisemi kama idadi ya wenyeji katika mji mzima imepungua. Huko Marseille, watafiti waliofuatilia vibanda walikuta kwamba pale nyuki huyu alipokuwa mwingi, wenyeji walioibuka kwenye mirija walikuwa wachache. Huo ni uhusiano, na uhusiano unahitaji miaka ya ufuatiliaji kabla ya kuitwa sababu. Toronto, Kanada, ambako vibanda takriban 600 vilifuatiliwa kwa miaka mitatu, karibu nusu ya nyuki wote waliopatikana, asilimia 47, walikuwa wa spishi zilizoletwa. Kibanda kinachouzwa kama msaada kwa wenyeji kinaweza basi kuwa nyumba ya wageni kwa maana kamili ya neno hilo. Mkilazimika kuviweka, chagueni mirija myembamba isiyozidi milimita 8, kwa kuwa nyuki wa ulimbo hupendelea mipana zaidi.

Angalieni pia mimea. Nyuki huyo huyo hukusanya chavua nyingi kwenye Styphnolobium japonicum, mti wa Asia ya Mashariki uliopandwa kandokando ya barabara za miji mingi kwa ajili ya kivuli, hivyo mji ulikuwa umeshamtandikia jamvi kabla hajafika. Dume wa Anthidium manicatum, nyuki wa Ulaya aliyefika jimbo la New York kufikia mwaka 1963, hulinda kitalu cha maua na kuwagonga nyuki wengine kwa miiba iliyo ncha ya tumbo lake. Mkihesabu nyuki wanaolitembelea ua lililo ndani ya himaya yake bila kumtaja yeye, hesabu yenu itakuwa na pengo msilolielewa.

Jambo gumu zaidi, na ambalo litawaletea maneno, ni mizinga. Katika miji 14 ya Uswisi mizinga iliongezeka kutoka 3,139 mwaka 2012 hadi 9,370 mwaka 2018, na wengi wa wafugaji hao waliamini kwa nia njema kwamba wanaokoa nyuki. Hata Ulaya, ambako nyuki wa asali si mgeni, wingi wa namna hiyo ni kazi ya mwanadamu. Imekadiriwa kwamba kundi moja la nyuki wa asali lenye nguvu, katika miezi mitatu ya kiangazi, hukusanya chavua ambayo ingetosha kulea watoto 100,000 wa nyuki mpweke wa wastani. Paris, kadiri makundi yalivyozidi karibu na maua yaliyochunguzwa, ndivyo nyuki wa porini walivyopungua kuyatembelea. Montreal, ambako nyuki wa asali ni mgeni hasa, wakati mizinga ilipoongezeka, waliopungua zaidi walikuwa nyuki wadogo, na sababu inaeleweka kwa urahisi: nyuki wa asali huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, ilhali nyuki mwenye urefu wa milimita tano au sita anategemea maua yaliyo ndani ya mita mia chache kutoka kwenye tundu lake.

Basi kabla ya kuanza msimu, tafuteni mizinga yote iliyo ndani ya mita 500 na ya mita 1,000 kutoka kila kituo chenu, na mwende kwa wafugaji kwa heshima. Mimi nilianza vibaya, nikamweleza mzee mmoja madhara ya mizinga yake kabla sijamsalimia sawasawa, naye akanifungia lango. Mwaka uliofuata nilimwendea kuomba kujua mimea ambayo nyuki wake huitembelea mapema, akanipa daftari lake la miaka tisa, lenye tarehe za kuchanua kwa kila mti wa mtaa ule, kitu ambacho hakuna mtafiti kati yetu aliyekuwa nacho.

Msiwaachilie wala kuwapuuza mnaowashika kwa sababu «ni wale wale wa kawaida». Wekeni vielelezo vichache vya kila spishi, na kwenye lebo muandike tarehe, mahali, ua alilokuwa juu yake, namba na kipenyo cha mrija kama alitoka kibandani, na umbali hadi mzinga wa karibu. Vichupa vya msimu wangu wa kwanza bado ninavyo kabatini. Lebo zake zina tarehe na neno moja tu, nyuki.