Chemchemi imebaki tope, tuchimbe bwawa?

SWALI: Habari za kazi. Shambani kwetu kuna chemchemi, zamani maji yalikuwa yanatambaa kwenye majani huko bondeni, vyura wanapiga kelele usiku kucha, alfajiri unakuta swala. Sasa ng'ombe wamepakanyaga pamebaki tope, chini kumechimbika korongo, majani yamekauka na vichaka vimeingia. Kaka zangu wanataka tulete greda tuchimbe bwawa palepale maji yanapotokea ili wanyama warudi. Ni sawa?

JIBU: Ndugu yangu, hilo greda lirudi lilikotoka. Jicho la chemchemi ukilichokonoa maji yanaweza kupata njia nyingine huko chini ukabaki na shimo.

Halafu ugonjwa wenyewe naona upo kwenye korongo (la udongo, sio yule ndege). Lifuate mpaka linapoanzia utakuta kama ngazi hivi, maji yanadondoka, na kila mvua inamega udongo kwahiyo ngazi inazidi kupanda kuelekea chemchemi. Korongo likizama maji ya ardhini nayo yanashuka kulifuata, mizizi ya majani haiyafikii tena, vichaka vyenye mizizi mirefu vinachukua nafasi. Ndo maana bonde limekauka na chemchemi bado inatoa.

Anzeni hapo. Ile ngazi ichongeni iwe mteremko, mpange mawe yabanane maji yashuke taratibu. Kwenye sakafu ya korongo lazeni mawe kukatisha njia ya maji, tabaka moja tu, msirundike ukuta maana maji yatauzunguka na kula kingo. Udongo ukishanasa na majani yakaota katikati ya mawe mnaongeza tabaka jingine, ni kazi ya misimu kadhaa lakini toroli na mikono inatosha.

Ng'ombe nao wazuieni, fensi izunguke jicho na tope lote, maji yao yapite kwenye bomba hadi birika la nje lenye floti, likijaa linafunga na yanayobaki yanaendelea bondeni. Birikani egesheni ubao, ndege na wanyama wadogo wanazama sana humo. Waya wa chini wa fensi usiwe wa miiba, uwe kama sentimita 40 kutoka ardhini watoto wa swala wapite.

Mbegu msikimbilie kununua, ndago na matete mara nyingi hurudi vyenyewe unyevu ukirudi. Na vichaka msihangaike navyo kwanza, maji yakipanda vingi vitakufa kwa kulowa mizizi.