Mwanangu, kuhusu kabila, paka na mbinguni

Mwanangu Anastazia,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Neema amekuuliza: akifa atakaa mbinguni na Wahaya wa baba yake au Wakwere wa babu yake? Na Kijivu, paka wangu, naye yuko huko? Ukaona unitupie mimi muuza vitumbua, paroko wenu yupo. Haya.

La kabila ndilo limenikesha. Katika Ufunuo sura ya 7 Yohana anaona mkutano usiohesabika, "watu wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha". Kilichofuliwa pale ni mavazi tu, makabila yamebaki. Wapo wanaomshika Paulo alivyowaandikia Wagalatia, hakuna Myahudi wala Myunani, wakasema basi yote yatafutika. Mimi naona Paulo alikuwa akikataza watu kubaguana kwenye urithi wa Mungu, hakumnyang'anya mtu lugha ya mama yake. Hata Pentekoste, kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao.

Lakini mimi mwenyewe ni nani? Baba yako Mkwere, hilo halina ubishi. Mama wa bibi yangu aliletwa misheni hapa Bagamoyo akiwa mtoto, pamoja na wenzake waliokombolewa utumwani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu kama hao, waliotoka bara kila upande. Akabatizwa, akapewa jina jipya, akakua na Kiswahili, ya kwao yakapotea. Ukabaki wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto. Bibi aliuimba akipepeta mchele, ungo ukifuata mapigo, na maneno yake hayajui hata yeye. Nilimuuliza ni lugha gani. Akajibu, "Ya mama."

Nikipita chini ya ile miembe ya misheni kwenda makaburini, wimbo huo hunijia. Kama huko juu hakuna makabila, basi mtoto yule aliibiwa kwao moja kwa moja. Siamini. Naamini atasimama na watu wake, ataimba na maneno anayajua, na mimi nitaambiwa ni wa wapi. Neema mwambie asihangaike kuchagua upande, wote ni wake.

Sasa Kijivu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mnyama hufa na mwili wake, na katekista wangu alituingizia hilo kwa fimbo. Lakini John Wesley, yule wa Wamethodisti, alipohubiri juu ya Warumi 8 mwaka 1781 alisema wanyama nao watakombolewa. Paulo anasema viumbe vitatolewa katika utumwa wa uharibifu. Utumwa! Sisi wa hapa neno hilo hatulipiti haraka. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliandika kwamba kwenye uzima wa milele kila kiumbe kitakuwa na nafasi yake, kikiwa kimegeuzwa na kung'aa.

Ila hakuna hapo anayesema ni paka huyu huyu, mwenye sikio lililochanika, aliyeniibia changu Ijumaa Kuu nikiwa kwenye Njia ya Msalaba. Isaya naye anamlaza chui na mwana-mbuzi, wala hatuambii kama ni chui yule yule wa jana. Kwa hiyo usimwahidi mtoto kwamba Kijivu yuko mbinguni, na usimwambie hayupo. Mwambie bibi anatumaini, na kwamba aliyemuumba hajamsahau.

Nimemzika nyuma ya jiko, chini ya mpapai, nikaweka jiwe la matumbawe ili Neema akija apaone. Mje Pasaka. Mkwe wangu asisahau senene, za safari ile ziliisha kabla sijamwonjesha jirani.

Mama yako
Bagamoyo